Mwongozo Kamili wa Kutibu Vidonda kwa Seli za Ngozi Zilizooteshwa na Viunzi vya Kibiolojia

Kidonda kisichopona kwa miezi humchosha mgonjwa na humchosha anayemhudumia, na uchovu huo ndio unaowafanya wote wawili watafute dawa mpya kabla ya kujua ya zamani ilishindwa kwa sababu gani. Mwongozo huu unahusu njia mbili zilizobadilisha matibabu ya majeraha makubwa ya moto na vidonda sugu katika miaka 50 iliyopita, yaani seli za ngozi zinazooteshwa maabara, na viunzi vya kibiolojia vinavyolazwa ndani ya kidonda ili mwili ujenge ngozi ndani yake. Nimeuandika kwa ajili ya wauguzi, matabibu na madaktari wa Unguja na Pemba, pamoja na jamaa wa wagonjwa wanaotaka kuelewa wanachoambiwa pale mtu wao anapopewa rufaa kwenda Dar es Salaam au nje ya nchi.

Neno langu ni moja, na litajirudia katika kila hatua. Kabla ya kuuliza kidonda kipakwe nini, uliza ni tabaka gani la ngozi lililopotea na sakafu ya kidonda iko katika hali gani. Seli hurudisha tabaka la juu, kiunzi husaidia kurudisha tabaka la ndani, na hakuna kati ya viwili hivyo kinachoshika juu ya tishu zilizokufa, juu ya usaha, au katika mguu usiofikiwa na damu.

Hatua ya kwanza: Jua kilichopotea

Tabaka la juu la ngozi, epidemisi, lina unene wa kiasi cha milimita 0.1 katika sehemu nyingi za mwili, nalo limejengwa zaidi na seli ziitwazo keratinosaiti. Chini yake kuna demisi, yenye unene wa milimita 1 hadi 2, ambamo mna nyuzi za kolajeni (protini inayoipa ngozi nguvu), mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na mizizi ya vinyweleo. Epidemisi ikipotea peke yake, seli zilizojificha katika mizizi ya vinyweleo hupanda juu na kuijenga upya. Ndiyo maana mtoto aliyemwagikiwa na chai, akabaki na malengelenge na ngozi nyekundu yenye maumivu makali, mara nyingi hupona ndani ya wiki 2 au 3 bila kupandikizwa chochote, mradi alimwagiwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20 na hakupakwa dawa ya meno, unga wala mafuta.

Demisi ikipotea yote, mambo ni mengine. Mwili hauwezi kuirudisha kama ilivyokuwa. Hujaza shimo kwa nyama mpya, huzivuta kingo za kidonda zikaribiane, kisha huacha kovu linalokaza. Kovu hilo likikaa shingoni, kwapani, kwenye kiwiko au nyuma ya goti, kiungo hakinyooki tena, na kwa mtoto anayekua tatizo huongezeka kila mwaka kwa sababu mifupa hurefuka ilhali kovu halifuati. Kwa hiyo bonyeza sehemu iliyoungua kwa kidole ukaone kama weupe unatokea na wekundu unarudi, gusa kwa upole ukaone kama mgonjwa anahisi, na utazame rangi. Sehemu nyeupe au ya kahawia, ngumu na isiyouma, imepoteza demisi yake, hata kama mgonjwa anaonekana mtulivu kuliko yule anayelia kwa maumivu katika kitanda cha pili.

Historia ya tiba hii inaeleza vizuri kwa nini nasisitiza matabaka. Mwaka 1975 watafiti James Rheinwald na Howard Green, huko Marekani, walionyesha kwamba keratinosaiti za binadamu zinaweza kuoteshwa kwa wingi zikilazwa juu ya seli za panya zilizozuiwa kuzaliana kwa mionzi. Kufikia mwaka 1981 wagonjwa wa kwanza wa moto walikuwa wamepandikizwa tabaka hizo, na mwaka 1983 ndugu wawili wadogo wa Wyoming, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya miili yao, walitibiwa Boston kwa ngozi iliyooteshwa kutokana na vipande vidogo vya ngozi yao wenyewe, wakaishi. Hata hivyo madaktari waliona kwamba tabaka lililooteshwa lilikuwa jembamba mno, lilitoka malengelenge kwa urahisi, na nyuzi za kulishikiza chini zilichukua kiasi cha mwaka mmoja kukomaa. Kilichokosekana kilikuwa demisi.

Wakati huohuo mtafiti Ioannis Yannas na daktari mpasuaji John Burke walikuwa wanalishughulikia tatizo hilo kwa upande wake wa pili. Wao walitengeneza kiunzi cha kolajeni ya ng'ombe kilichochanganywa na kemikali ya asili inayotolewa katika gegedu la papa, chenye vitundu vidogo vya kupitisha seli na mishipa ya damu, na juu yake wakaweka karatasi ya silikoni ya kuzuia maji yasitoke na vijidudu visiingie. Kiunzi hiki, kinachouzwa kwa jina la Integra, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Mwili hukiingia, hukimeng'enya taratibu, na mahali pake huacha tishu inayofanana na demisi kuliko kovu la kawaida. Baada ya hapo bado huhitajika epidemisi juu yake.

Hatua ya pili: Tafuta kinachozuia kupona

Hatua hii haihitaji maabara ya gharama, nayo ndiyo inayoamua mengi. Kwa mgonjwa mwenye kidonda cha mguu, papasa mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Ikiwa una kipimo cha dopla, yaani kifaa cha kusikilizia mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, linganisha shinikizo la damu la kifundo na la mkono: uwiano wa 0.9 hadi 1.3 ni wa kawaida, ulio chini ya 0.5 unaonyesha mguu wenye uhaba mkubwa wa damu, na uliozidi 1.3 kwa mgonjwa wa kisukari haumaanishi afya, kwani mara nyingi mishipa imekakamaa kwa chokaa na kipimo kinadanganya. Mguu usio na damu hupelekwa kwa mpasuaji wa mishipa kwanza. Kuufunika kwa ngozi ya thamani yoyote ni kumpotezea mgonjwa muda ambao hana.

Pima sukari. Pima pia hisia za unyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa mkandamizo wa gramu 10, maana mgonjwa wa kisukari asiyehisi ataendelea kukanyagia kidonda bila kujua. Tiba ya kwanza ya kidonda hicho ni kuondoa mkandamizo, na plasta ngumu inayofunika mguu hadi chini ya goti, ikifungwa na mtu aliyefunzwa na mguu ukiwa na damu ya kutosha na hauna maambukizi mazito, imethibitika kuwa bora kuliko kumwambia tu mgonjwa asikanyage. Kidonda cha juu ya kifundo chenye ngozi nyeusi na mguu uliovimba mara nyingi hutokana na mishipa ya vena, nacho hutaka bendeji ya kukaza, baada ya kuhakikisha mapigo yapo. Kijana mwenye vidonda vya vifundo afikiriwe pia kama ana selimundu, ugonjwa ambao watu wa mwambao tunao. Asiyehisi mguu na hana kisukari achunguzwe ukoma.

Mgonjwa mmoja asisahauliwe kamwe: yule mwenye kovu la moto la tangu utotoni ambalo limepasuka ukubwani, likatoa kidonda chenye kingo zilizoinuka. Hiyo inaweza kuwa saratani. Kata kipande kutoka ukingoni kipelekwe kupimwa kabla ya jambo lolote jengine, kwa sababu kuweka seli zenye kuchochea ukuaji juu ya saratani ni hatari.

Hatua ya tatu: Tayarisha sakafu ya kidonda

Tishu nyeusi, za manjano na zilizolegea huondolewa kwa kisu na mkasi, chini ya ganzi pale panapohitajika, mpaka ifikiwe nyama inayotoa damu. Ni kazi ya mtu aliyefunzwa, yenye kurudiwa mara kadhaa, na ndiyo ninayoiona ikiharakishwa zaidi ya zote. Kidonda cha kisukari chenye ukingo mgumu mweupe kinatakiwa kupunguzwa ukingo huo kila mara, kwa kuwa seli za pale zimezeeka na hazitembei kuelekea katikati.

Vijidudu huwapo katika kila kidonda kilicho wazi, na kuwapo kwao peke yake si sababu ya kutoa antibayotiki. Hata hivyo ilishagunduliwa zamani kwamba vikizidi 100,000 kwa kila gramu ya tishu, ngozi iliyopandikizwa hushindwa kushika. Basi ukiona harufu mpya, maumivu yanayoongezeka, nyama iliyo dhaifu inayotoka damu ikiguswa kidogo, au mfupa unaoguswa kwa kichokoo, chukua kipande cha tishu kutoka ndani ya kidonda kilichokwisha kusafishwa, kioteshwe maabara. Kupangusa usaha wa juu kwa pamba hukuletea majibu ya vijidudu vinavyoishi juu tu. Mwenye jeraha lililoingia maji ya bahari yenye joto, hasa akiwa na kisukari au ugonjwa wa ini, aharakishwe zaidi, kwani kuna bakteria wa baharini wanaoweza kuua tishu kwa saa chache. Kina mama wanaolima mwani na wavuvi wanaokanyaga mawe na mashokoro wanafaa kulijua jambo hili mapema, na kila mmoja aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.

Unyevu nao unahitaji kipimo. Kidonda kilichokauka hakiruhusu seli kutembea, na kilichojaa maji huozesha ngozi ya pembeni. Shashi ya vaselini yenye shashi kavu juu yake inatosha kwa vidonda vingi, na penye mashine ya kunyonya majimaji, shinikizo la milimita 125 za zebaki ndilo linalotumiwa kwa kawaida. Asali iliyotayarishwa kwa ajili ya vidonda husaidia kuua vijidudu na kulainisha tishu zilizokufa, lakini hiyo husafishwa kwa mionzi ili kuua mbegu za bakteria. Asali ya mzinga, hata ikiwa nzuri kwa kula, haikupitishwa katika usafishaji huo, na kwa kidonda kirefu siishauri.

Hatua ya nne: Pima kwa wiki 4

Weka rula, pima urefu na upana, na ukipewa ruhusa piga picha kwa simu kutoka umbali uleule kila wiki. Kidonda cha mguu wa kisukari kilichopungua nusu ya eneo lake ndani ya wiki 4 kina matumaini makubwa ya kufunga chenyewe kwa matunzo yaleyale. Kisichofikia hapo, baada ya kurudi hatua ya pili na ya tatu na kujiridhisha kwamba hakuna kilichosahauliwa, ndicho kinachostahili kiunzi au seli. Jeraha la moto lililopoteza demisi halingojewi hivyo. Hilo hukatwa na kufunikwa mapema.

Hatua ya tano: Chagua kifuniko

Chaguo la kwanza, na hili nalisema kwa uzito, ni ngozi ya mgonjwa mwenyewe iliyopandikizwa siku hiyohiyo. Kipande chembamba cha milimita 0.2 hadi 0.3 kutoka pajani, kikipitishwa katika kifaa cha kukitoboa matundu, kinaweza kutandazwa mara moja na nusu au mara tatu ya ukubwa wake, na paja lenyewe hupona kwa kiasi cha wiki 2. Hata pasipo kifaa cha kutoboa, njia aliyoionyesha daktari Jacques-Louis Reverdin mwaka 1869, ya kupanda vipande vidogo vilivyonyofolewa kwa sindano na wembe wa upasuaji chini ya ganzi ya sehemu, bado inafunga vidonda vya miguu katika hospitali ndogo. Seli zilizooteshwa zilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyeungua kiasi cha kubaki bila ngozi ya kutosha kuchukuliwa. Si kwa ajili ya kidonda ambacho kipande cha paja kingekitosheleza.

Kiunzi kinafaa pale demisi ilipopotea mahali panapohitaji kukunjika, au pale mfupa na kano ziko wazi kiasi kwamba ngozi nyembamba haitashika juu yake. Kuna viunzi vya aina nyingi, na tofauti yao kubwa ni asili yake. Kuna vya kolajeni ya ng'ombe, vya demisi ya binadamu aliyefariki iliyotolewa seli zote ili mwili usiikatae, vya utumbo wa nguruwe, na vya ngozi ya samaki aina ya chewa wa Atlantiki, inayotayarishwa Iceland. Huko Fortaleza, Brazili, madaktari wametumia ngozi ya perege iliyosafishwa kwa kemikali na mionzi kufunika majeraha ya moto. Nasihi hapa wenzangu na jamaa za wagonjwa: ngozi ya samaki wa soko la Malindi au wa Chake Chake haiwi dawa kwa kuoshwa na ndimu. Isiyosafishwa kwa mionzi imebeba vijidudu vya bahari, na itamdhuru mgonjwa.

Kwa watu wetu, ambao karibu wote ni Waislamu, kumweleza mgonjwa asili ya kiunzi ni sehemu ya tiba. Mwambie kabla ya kutia saini kama kimetoka kwa ng'ombe, nguruwe, samaki au binadamu, umweleze kuna badala gani, na umpe nafasi ya kumuuliza mwanachuoni anayemwamini. Penye kiunzi cha samaki au cha ng'ombe kinachofanya kazi ileile, sioni sababu ya kumtia mtu katika shaka.

Utando wa ndani wa kondo la nyuma, uitwao amnioni, umetumika kufunika majeraha tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Una kolajeni na viambata vinavyopunguza uvimbe na maumivu, na mwili huukubali kwa muda bila kuukataa kwa nguvu. Huchukuliwa kwa mama anayejifungua kwa upasuaji uliopangwa, aliyepimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini aina ya B na C na kaswende, kisha huoshwa, huhifadhiwa, na mama hupimwa tena baada ya miezi 6 kabla utando haujatumika, isipokuwa pale vipimo vya kisasa vya virusi vyenyewe vinapopatikana. Familia nyingi zina desturi ya kulizika kondo, kwa hiyo idhini iombwe kliniki, wakati wa ujauzito, kwa utulivu na mbele ya mtu ambaye mama mwenyewe anataka awepo. Haiombwi kamwe kwenye kitanda cha uzazi.

Hatua ya sita: Elewa namna seli zinavyooteshwa

Daktari hukata kipande cha ngozi nzima cha sentimita chache za mraba, kwa kawaida kutoka kinenani au kwapani, siku za mwanzo kabisa kabla vijidudu havijatawala. Kipande husafirishwa katika maji maalumu yenye antibayotiki, kikiwa kwenye baridi. Maabara hutumia kimeng'enya kutenganisha epidemisi na demisi, na kimeng'enya kingine, tripsini, kuzitawanya seli moja moja. Keratinosaiti huwekwa juu ya seli za kulishia, kama zile za panya zilizotajwa juu, ndani ya chombo chenye lishe, insulini na viambata vya kuchochea ukuaji, katika nyuzi joto 37 na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi. Zikijaa chombo, hugawanywa katika vyombo vingine, na hivyo hivyo mpaka baada ya wiki 3 hadi 4 kipande kile kidogo kinaweza kutoa tabaka la kufunika mwili mzima.

Kuna njia ya mkato aliyoiendeleza daktari Fiona Wood huko Perth, Australia, ambako walitibiwa majeruhi wa moto wa mabomu ya Bali ya mwaka 2002. Katika njia hiyo seli hazingojewi zioteshwe. Kipande chembamba hulowekwa katika kimeng'enya, seli hukwanguliwa, na maji yenye seli hizo hupuliziwa juu ya jeraha ndani ya chumba kilekile cha upasuaji. Sentimita 1 ya mraba ya ngozi inaweza kutosha sentimita 80 za mraba za jeraha. Kwa kuwa zinatoka seli za aina zote za epidemisi, zikiwamo za rangi, ngozi hurudi na rangi iliyo karibu na ya asili, jambo lenye uzito kwa mgonjwa mweusi aliyeungua usoni.

Tofautisha pia seli za mgonjwa na seli za mtu mwengine. Zipo ngozi za maabara zilizotengenezwa kwa seli kutoka ngozi ya watoto waliotahiriwa, zikawekwa juu ya kolajeni. Moja yake iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa vidonda vya vena na mwaka 2000 kwa vidonda vya kisukari. Seli hizo haziishi kwa mgonjwa. Kwa wiki chache hutoa viambata vya kuziamsha seli zake mwenyewe, kisha hutoweka. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba amewekewa ngozi mpya ya kudumu hakuambiwa sawasawa.

Je, haya yanaweza kufanyika kwetu? Maabara ya kuotesha seli kwa ajili ya binadamu inahitaji chumba cha hewa safi, watu waliofunzwa kwa miaka, na umeme usiokatika hata kwa saa chache, kwa sababu kiatamizi, yaani kabati la joto linalooteshewa seli, kikipoa kazi ya wiki 3 imekwisha. Umeme wetu unatoka Bara kwa nyaya za chini ya bahari, na wakazi wa Unguja wanaukumbuka muda wa Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilipokaa gizani. Jenereta na betri za jua si nyongeza katika mpango kama huu. Ndiyo msingi wake. Kwa sasa njia yenye maana ni kuimarisha upandikizaji wa ngozi katika hospitali kama Mnazi Mmoja na Abdulla Mzee, kuanzisha akiba ya amnioni iliyopimwa, na kuwapeleka mapema wale wachache wanaohitaji seli. Bidhaa inayoingizwa ipitie Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na jaribio lolote kwa wagonjwa lipate kwanza idhini ya kamati ya maadili ya utafiti wa afya. Anayekuahidi sindano ya seli za shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) kwenye kidonda bila karatasi hizo, mkatae.

Hatua ya saba: Siku ya kupandikiza

Dawa ya kusafishia iliyotumika, iwe iodini au kloheksidini, ioshwe yote kwa maji ya chumvi ya hospitali, kwa sababu mabaki yake huua keratinosaiti kama yanavyoua vijidudu. Marhamu yenye kimeng'enya cha kumeng'enya kolajeni yawe yamesimamishwa kabla, la sivyo yatakila kiunzi. Soma karatasi ya bidhaa ujue uso upi unaelekea chini, na ukioshe kiunzi kama kilihifadhiwa katika kemikali. Zuia damu yote. Tone la damu linalobaki chini hukiinua kifuniko na kukitenga na mishipa inayotakiwa kukiingia, na hii ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya kushindwa.

Kata kifuniko kilingane na kidonda, kilaze bila mikunjo wala hewa chini yake, kishone au kibane kwa pini pembeni, weka shashi ya vaselini, kisha shashi iliyolowa, kisha bendeji ya kukandamiza kwa wastani. Kiungo kifungwe banzi ili kisikunjike. Andika katika faili la mgonjwa, na pia katika karatasi atakayokwenda nayo nyumbani, jina la bidhaa, asili yake, namba ya toleo na tarehe.

Hatua ya nane: Wiki za mwanzo

Ngozi iliyopandikizwa huishi siku 2 za kwanza kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kisha mishipa yake huungana na ya chini, na kati ya siku ya 4 na ya 7 damu huwa inapita. Kwa hiyo bendeji ya kwanza isifunguliwe kabla ya siku ya 5, isipokuwa kwa homa, harufu mbaya, maumivu mapya au damu inayopenya. Kiunzi cha aina ya Integra huchukua wiki 2 hadi 4; rangi yake huanza nyekundu, huwa ya waridi, kisha hukaribia rangi ya maziwa yenye manjano, na hapo silikoni huanza kuachia. Ndipo hubanduliwa na kuwekwa ngozi nyembamba ya mgonjwa au seli zake zilizooteshwa. Majimaji yakikusanyika chini, toboa uyatoe, na penye usaha kata sehemu hiyo tu badala ya kuondoa kiunzi chote.

Tabaka la seli zilizooteshwa ni la kuogopewa zaidi. Lina unene wa seli chache tu, hufika limebandikwa juu ya shashi ya vaselini, na shashi hiyo haiondolewi hadi siku ya 7 au ya 10. Mgonjwa asilalie upande huo, na anayebadilisha shuka awe mwangalifu, kwani msuguano mmoja huliondoa lote.

Hatua ya tisa: Nyumbani

Mgonjwa ale protini ya gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa aliyekatazwa kwa ugonjwa wa figo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni gramu 75 hadi 90, ambazo zinapatikana kwa samaki, dagaa, mayai, maziwa, kunde na choroko bila kununua unga wa dukani. Aache sigara. Wakati wa udhu asiloweshe bendeji mara tano kwa siku. Dini imetoa nafasi ya kupaka maji juu ya bendeji na ya kutayamamu, na mwalimu wake atamwelekeza namna. Mwenye kisukari na kidonda kibichi azungumze na daktari kabla ya Ramadhani haijaingia, ili dawa zipangwe au ashauriwe asifunge.

Ngozi mpya haina tezi za mafuta za kutosha, na iliyojengwa na seli zilizooteshwa haina tezi za jasho kabisa. Ipakwe mafuta laini, yakiwamo ya nazi, baada ya kufunga vizuri, ikandwe taratibu kila siku, na ifunikwe isipigwe na jua kwa mwaka mzima. Nguo za kubana na mazoezi ya kunyoosha kiungo huendelea kwa miezi, na kwa mtoto mwalimu wa skuli aelezwe ili asimzuie kunyoosha mkono wala kunyanyuka darasani. Mwenye unyayo usiohisi avae kiatu cha kufunika vidole badala ya ndala, akague ndani yake kabla ya kuvaa, na amwombe mtu wa nyumbani amtazame nyayo kila jioni. Sehemu iliyopona ikipasuka tena, ikibadilika rangi kuwa nyeusi au ikitoa uvimbe mgumu usiokuwapo, arudi hospitali wiki hiyohiyo, akiwa na ile karatasi ya namba ya toleo mkononi.